Kila Kidonge na Saa Yake

Bahasha ndogo zinazotolewa kwenye madirisha ya dawa ya hospitali zetu huandikwa kwa kifupi sana: 1x3, 2x2, 1x1. Kwa malaria au kikohozi maandishi hayo yanatosha, maana dawa ni moja au mbili na baada ya siku chache zimekwisha. Kwa mgonjwa wa lupasi yanapwaya. Yeye hutoka kliniki na bahasha sita au saba, na mwezi ujao atapewa nyingine kama hizo. Namba zinamwambia ameze vingapi na mara ngapi. Hazimwambii kwa nini hiki kimezwe na chakula na kile kabla ya chai, wala kwa nini hiki akikisahau leo hakuna neno, ilhali kile akikikosa siku tatu anaweza kulazwa. Na sababu hizo ndizo anazozihitaji, kwa kuwa siku zake hazifanani. Kuna msiba, kuna safari ya usiku, kuna mfungo, kuna mwisho wa mwezi ambapo pesa imekata.

Lupasi ni mojawapo ya magonjwa ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe na kushambulia ngozi, maungio, figo, wakati mwingine hata ubongo. Kati ya kila wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Hauponi, hutulizwa. Hutulizwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa sababu hakuna hata moja inayomaliza kazi yote: moja hutuliza haraka, ya pili huzuia ugonjwa usirudi, ya tatu hulinda figo, halafu zinafuata mbili tatu ambazo kazi yake ni kupunguza madhara ya zile za mwanzo. Hizi za mwisho ndizo zinazojaza meza.

Prednisoloni ndiyo ya haraka. Historia ya ukoo wake inaanzia kwenye hospitali ya Mayo Clinic, Minnesota, mwaka 1948, Philip Hench na wenzake walipomchoma sindano za kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara nayo hayakuchelewa kujitokeza: uso kuvimba, presha na sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Ndiyo maana mtu anayeitumia kwa muda mrefu mara nyingi huongezewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Ukiambiwa uimeze asubuhi, usidhani ni kwa sababu asubuhi ni rahisi kukumbuka. Mwili una homoni yake inayofanana na dawa hii, kotisoli, inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Huanza kupanda kabla ya alfajiri, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka mchana kutwa hadi kubaki kidogo sana karibu na usiku wa manane. Kidonge cha asubuhi hufuata mkondo huo. Kikimezwa usiku, kwanza hufukuza usingizi, na zaidi ya hapo hukuta ubongo ukipima kiasi cha homoni iliyopo ili utoe amri ya kazi ya kesho. Ukiona imejaa, amri haitoki. Hata kwa wanaomeza asubuhi, dozi za kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi zinaweza kuzizoesha tezi kutofanya kazi. Mtu akiacha dawa ghafla, anabaki hana ya kidonge wala ya mwilini. Akipata homa kali, kuharisha au upasuaji katika hali hiyo, presha inaweza kuporomoka hadi kumuua. Kwa hiyo prednisoloni hupunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa maelekezo ya daktari, na ndicho kidonge cha mwisho kuachwa nyumbani mtu anapofunga mkoba.

Hata hivyo, asubuhi si amri isiyopinduliwa. Katika baridi yabisi, kemikali ya uvimbe iitwayo interlukini-6 hupanda usiku wa manane kuelekea alfajiri, na mgonjwa huamka vidole vimekakamaa. Frank Buttgereit wa Berlin na wenzake walijiuliza: je, dawa ikiwahi kufika kabla ya kemikali hiyo? Walitumia kidonge chenye ganda maalumu, kinachomezwa saa nne usiku na kuachia dawa yake saa nane usiku mgonjwa akiwa amelala. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet, yalihusu wagonjwa 288. Baada ya wiki 12, muda wa kukakamaa asubuhi ulipungua kwa zaidi ya moja ya tano kwa waliotumia kidonge hicho, huku kwa waliomeza dawa ya kawaida asubuhi ukikaa karibu vilevile. Kidonge cha kawaida hakina ganda hilo, kwa hiyo asitokee mtu wa kukihamishia usiku kwa kusoma makala haya.

Haidroksiklorokwini ina tabia tofauti kabisa. Ni ndugu wa klorokwini, ile chungu iliyowawasha watu mwili mzima, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Uhusiano wake na lupasi ulionekana kwa njia ya kuzunguka. Katika Vita Vikuu vya Pili askari walipewa mepakrini ya kuzuia malaria, na baadhi yao waliokuwa na vipele au maumivu ya maungio wakaona nafuu ambayo hawakuitarajia. Mwaka 1951 daktari mmoja wa Uingereza, Page, aliandika kuhusu wagonjwa wa lupasi waliopata nafuu kwa dawa hiyo, na haidroksiklorokwini, iliyo salama zaidi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1955.

Dawa hii hujibanza ndani ya seli na haina haraka ya kutoka. Huchukua siku 40 hivi kwa nusu yake kuondoka mwilini, na miezi kadhaa kabla mgonjwa hajaona faida kamili. Basi aliyesahau kidonge cha Jumanne hajaharibu kitu, na saa ya kumeza haina uzito mkubwa, mradi kuna chakula cha kulinda tumbo. Lakini upole huu unadanganya. Mtu huacha wiki tatu, haoni tofauti, anaamini amepona. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada walieleza walivyowachukua wagonjwa 47 waliokuwa wametulia, wengine wakaendelea na dawa na wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu. Ndani ya miezi sita, hatari ya ugonjwa kuamka ilikuwa mara mbili na nusu kwa waliokatishwa.

Kuna tatizo la hesabu pia. Ikitumiwa kwa wingi kwa miaka mingi, dawa hii inaweza kuharibu retina ya jicho, na madaktari wa macho wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba dozi isizidi miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 hapaswi kuzidi 300. Vidonge vingi vina miligramu 200. Kinachofanyika mara nyingi ni kumeza kimoja leo na viwili kesho, ili wastani ufike 300. Hebu jaribu kuliandika hilo kwa mtindo wa 1x1.

Kidonge ninachokiogopa kuliko vyote kwenye bahasha za namna hii ni methotreksati, inayotumika sana kwa baridi yabisi na kwa maungio ya wenye lupasi. Humezwa siku moja tu kwa wiki. Karibu kila kidonge kingine katika nyumba zetu ni cha kila siku, na mkono hufuata mazoea: wa mgonjwa, wa muuguzi, hata wa anayeandika bahasha. Kumezwa kila siku kwa makosa kumesababisha vifo katika nchi kadhaa, Uingereza na Marekani zikiwemo, kwa kuwa dawa hii huzuia seli zinazogawanyika haraka kutumia foliki asidi. Vidonda vya mdomoni hutokea mapema, kisha uboho wa mifupa huacha kutengeneza chembe za damu. Jina la siku liandikwe kwa maneno kamili, “Jumamosi tu”, na vidonge vya foliki asidi vipangiwe siku nyingine.

Hapo ndipo Septrin inapoingia. Ni dawa rahisi na maarufu, na watu hununua bila cheti wakihisi mkojo unachoma. Sehemu moja yake, trimethoprimu, huziba njia ileile ya foliki inayozibwa na methotreksati. Zikikutana, uboho unaweza kusimama. Muuza dawa hana namna ya kujua kama mteja hakusema, na mteja hana namna ya kusema kama hakuna aliyemweleza.

Mgongano mwingine una kisa chake. Azathioprini, inayotumika sana kutuliza lupasi, na alopurinoli, dawa ya gauti, zilitoka katika maabara moja ya George Hitchings na Gertrude Elion, waliopata Nobel mwaka 1988. Alopurinoli hufunga kimeng'enya ambacho mwili hukitumia kuivunja azathioprini. Matokeo yake dozi ya kawaida hujirundika hadi kuwa sumu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hulichochea ini liivunje prednisoloni upesi, na mgonjwa anayemeza vidonge vyake kwa uaminifu wote huona lupasi inarudi. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi kama zetu, jambo hili lilistahili kubandikwa ukutani katika kila kliniki.

Baada ya hayo, suala la nafasi kati ya dawa na dawa ni jepesi, ingawa ndilo linalochosha zaidi. Baadhi ya wenye lupasi wana pia ugonjwa wa tezi ya thairoidi na hutumia levothairoksini, inayotaka tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kalsiamu na madini ya chuma huishika ikiwa bado tumboni, kwa hiyo zikae mbali nayo saa nne. Chai ya maziwa, ambayo kwetu ndiyo asubuhi yenyewe, ina kalsiamu ya maziwa, na majani yake hupunguza ufyonzaji wa chuma. Mtu akihesabu vizuri anajikuta hana asubuhi. Lakini hapa sababu ikijulikana inafungua mlango. Kinachotakiwa ni tumbo tupu, na tumbo tupu linapatikana pia usiku. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba levothairoksini inayomezwa wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya chakula, hufanya kazi vizuri, hata kuizidi kidogo ya asubuhi.

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Hospitalini hilo huitwa uzembe. Mimi naona ni jina la haraka mno. Lupasi yenyewe huleta uchovu mzito na kusahausahau, halafu huyohuyo aliyechoka ndiye anayekabidhiwa kazi ya kupanga vidonge ambavyo kila kimoja kina sheria yake. Kwa VVU tulifanya vizuri zaidi: washauri walikaa na wagonjwa kueleza umuhimu wa saa ileile kila siku, na dawa zenyewe zikaunganishwa hadi kikabaki kidonge kimoja kwa siku. Lupasi haina kidonge cha namna hiyo. Ushauri, hata hivyo, hauhitaji kiwanda.

Visanduku vya plastiki vyenye vyumba vya siku saba husaidia, navyo si ghali. Vina kasoro zake. Vidonge vikishatolewa kwenye pakiti hupoteza majina, vingine huharibiwa na unyevu wa pwani, na methotreksati ikitumbukizwa vyumba vyote saba kisanduku kimegeuka hatari. Karatasi moja yenye safu nne (dawa, saa, sababu, na la kufanya nikisahau) ingefaa zaidi, na mfamasia anaweza kuijaza kwa kalamu.

Mfungo wa Ramadhani ndio unaopima mpango mzima. Aliye na figo zilizoshambuliwa, au anayetumia dozi kubwa, mara nyingi hushauriwa asifunge, na dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Aliyetulia, akiridhiwa na daktari wake, ana madirisha mawili ya chakula na usiku ulio kati yake. Mazungumzo hayo yafanyike mwezi wa Shaabani, kukiwa bado kuna nafasi ya kupima damu. Prednisoloni hukaa vizuri kwenye daku, kwa kuwa ndiyo saa ambayo kotisoli inapanda. Haidroksiklorokwini hufuata futari. Azathioprini ya mara mbili hugawanywa kati ya futari na daku. Kalsiamu huenda na futari pia, na levothairoksini husubiri usiku mwingi, tumbo likishatulia. Vidonge vya kukojoza maji ndivyo vigumu zaidi kwa anayeshinda bila kunywa, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyofanya daktari akatae. Asubuhi ya Idi hakuna daku, na prednisoloni inarudi kwenye kifungua kinywa siku hiyohiyo. Kuchelewa kwa saa mbili tatu hakudhuru. Kuiruka kwa sababu ya shamrashamra za sikukuu ndiko kunakodhuru.