Kikohozi cha asidi: Dawa za tumbo humfaa nani?

MFANYAKAZI anayerejea Ruiru kutoka Nairobi usiku, akala na kulala papo hapo, huenda akaamshwa na kikohozi kisichotibika kwa dawa ya mafua wala ya kifua.

Chanzo cha kikohozi hicho chaweza kuwa tumboni. Asidi hupanda kwenye umio na wakati mwingine kufika kooni. Hata isipofika huko, huchokoza mshipa wa fahamu unaohudumia umio na njia ya hewa pia, na mtu akakohoa.

Hata hivyo, si kila anayekohoa hivyo atapata nafuu kwa omeprazoli, dawa ipunguzayo asidi. Swali linalowashughulisha madaktari ni jinsi ya kumtambua mapema atakayepona.

Dalili ya kwanza ni kiungulia. Mgonjwa anayehisi moto kifuani, au anayecheua maji machungu, ana matumaini makubwa zaidi ya kusaidiwa na dawa hiyo kuliko anayekohoa tu.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha madaktari wa kifua cha Marekani ulishauri kwamba asiye na dalili hizo asipewe dawa ya asidi pekee.

Sababu ni kwamba omeprazoli hupunguza ukali wa asidi, lakini haizuii maji ya tumbo kupanda. Aidha, kuna wagonjwa ambao mishipa yao ya fahamu imekuwa nyepesi kuchokozeka, kiasi kwamba hata maji yasiyo makali huwakohoza.

Kipimo cha pili ni mrija mwembamba unaopitishwa puani na kukaa kwenye umio kwa saa 24. Asidi ikionekana humo kwa zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ugonjwa umethibitishwa, ingawa hilo pekee halihakikishi kuwa kikohozi kitaisha.

Uzito wa suala hili unaonekana zaidi nchini Kenya, ambako kifua kikuu kingali tishio. Anayenunua dawa za tumbo dukani kwa miezi kadhaa bila kupimwa aweza kuwa anaambukiza jamaa zake.

Kwa hivyo, mkazi wa Thika au Ruiru anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi kwanza. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, ikiwemo Hospitali ya Thika Level 5.

Daktari ataulizia pia pumu, sigara, vumbi la kiwandani na dawa za shinikizo la damu kama vile enalaprili, ambayo husababisha kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu.

Yote hayo yakiondolewa, na kikohozi kikiwa kimepita wiki nane, ndipo asidi hushukiwa. Omeprazoli humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na nafuu yaweza kuchukua hadi miezi mitatu.

Wakati huo, mgonjwa hushauriwa kula saa tatu kabla ya kulala, kupunguza unene na kuinua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, kuongeza vidonge si suluhisho. Arudi kwa daktari achunguzwe upya. Anayekohoa damu, kukonda au kushindwa kumeza asisubiri hata wiki moja.