Nani Aliyekagua Barabara Yetu?

 Wengi wenu mwaja shule kwa miguu au kwa matatu ipitayo kwenye lami, kwa hivyo mwashangaa mbona sisi wa Funzi siku za mvua twaingia darasani tumepakwa tope hadi magotini. Funzi ni kisiwa. Alfajiri twavuka kwa boti hadi Bodo, na kutoka Bodo twafuata barabara ya changarawe hadi kwenye barabara kuu ya Likoni na Lungalunga. Watu hudhani bahari ndiyo ituchelewshayo. La, bahari twaijua saa zake za kujaa na kupwa. Barabara ndiyo haina saa.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, greda ilikuja. Ilichonga siku mbili, barabara ikawa nyororo kama sakafu, sote tukafurahi. Mvua za masika zilipoanza haukupita muda maji yakakata njia katikati. Usiku mmoja jirani yetu, mja mzito, alivushwa kwa boti akiwa na uchungu. Gari lililokuja kumpokea lilikwama kwenye dimbwi. Wanaume walimbeba kwa kitanda cha kamba, maji yakiwafika mapajani, wakampakia gari jingine ng'ambo ya dimbwi. Alhamdulillahi alijifungua salama. Lakini mamake husema mpaka leo kwamba pale kwenye dimbwi alikwisha kata tamaa.

Asubuhi yake kijiji kizima kilisema neno moja tu: "Mkandarasi amekula pesa." Nami nikasema hivyo hivyo. Nilipomwambia mwalimu wetu wa Kiswahili, aliniuliza, "Wajua alipewa kazi gani?" Nikanyamaza, maana sikujua. Makala haya ndiyo jibu nililolitafuta.

PESA ZATOKA WAPI?

Mwaka 1993 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuanzisha hazina ya kutengenezea barabara. Kila anunuaye petroli au dizeli hulipa ushuru kidogo uingiao katika hazina hiyo. Tangu Julai 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa kila lita. Kabla ya hapo zilikuwa shilingi 18.

Sasa fikiri, msomaji. Mashine za boti zetu zatumia petroli ile ile ya kituoni. Nahodha anayetia lita 10 amelipa shilingi 250 za barabara hata kabla hajakanyaga nchi kavu. Basi asije mtu akatwambia ati watu wa kisiwani hawana magari, barabara yawahusu nini. Twailipia kila siku, tena twailipia tukiwa baharini!

Hata hivyo si shilingi zote 25 ziendazo kwenye greda. Mwaka 2025 serikali iliamua shilingi 7 kati ya hizo ziwe za kulipia fedha zilizokopwa ili kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakiidai kwa muda mrefu. Hapa nilijifunza kwamba mara nyingine mkandarasi huondoka kazini kabla ya kumaliza kwa sababu hajalipwa, wala si kwa sababu ameiba.

BARABARA NI YA NANI?

Hili ni swali ambalo wazee wetu wengi hawalijui, nami sikulijua. Katiba ya mwaka 2010 iliziacha barabara kuu mikononi mwa serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti ikazipa serikali za kaunti. Sheria ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha unda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini, na KeRRA ya barabara za mashambani. Juu yao iko Bodi ya Barabara ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Bodi hiyo ndiyo hugawa pesa za hazina na kukagua jinsi zilivyotumika.

Kwa hivyo barabara mbili za kijijini zinazofanana kwa vumbi na mashimo zaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, moja ya KeRRA na nyingine ya kaunti. Ukipeleka malalamiko kwa asiyehusika, utaambiwa nenda kule, na kule utaambiwa rudi huku. Wakubwa wenyewe huvutana. Magavana na wabunge waligombania hadi mahakamani shilingi bilioni 10.5 za hazina hii za mwaka wa fedha wa 2024/2025. Jambo la kwanza basi ni kuuliza: barabara hii imeandikwa kwa nani?

KAZI HUKAGULIWAJE?

Nitaeleza kwa mfano wa nyumbani. Babu yangu ana dau. Kila mwaka hulipandisha pwani likatiwe kalafati, yaani pamba na mafuta katika nafasi za mbao ili maji yasipenye. Kwanza hukubaliana na fundi: utatia hapa, na hapa, na hapa. Pili, babu huketi chini ya mkungu akimtazama. Tatu, hamlipi pesa zote siku ile. Husubiri dau lishushwe majini, likae siku kadhaa, aone kama lavuja. Likivuja, fundi hurudi bila malipo mapya.

Kandarasi ya barabara imepangwa vivyo hivyo. Kwanza hutangazwa zabuni, na mkandarasi akishinda hutia sahihi mkataba wenye orodha ya kazi na bei: kuchonga kilomita kadhaa, kumwaga changarawe kiasi fulani, kuchimba mitaro mita kadhaa, kusafisha kalvati kadhaa. Orodha hiyo ndiyo ile "hapa, na hapa, na hapa" ya babu.

Pili, mhandisi wa serikali husimamia. Yeye hupima kazi iliyofanywa na kuandika hati ya malipo. Aidha, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yataka iwepo kamati ya kukagua na kupokea kazi. Bila sahihi zao mkandarasi hafai kulipwa.

Tatu, sehemu ya pesa hushikiliwa mpaka upite muda uliotajwa katika mkataba. Kasoro ikitokea ndani ya muda huo, mkandarasi hurudi kuirekebisha kwa gharama yake. Huko ndiko kulishusha dau majini.

Mwisho kabisa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu na kupeleka ripoti Bungeni na katika mabunge ya kaunti.

Kuna na namna nyingine ya kandarasi ambayo Argentina iliitumia sana katika miaka ya 1990, na hapa Kenya pia yatumika. Mkandarasi hapewi malipo kwa kuhesabu malori ya changarawe. Hulipwa kila mwezi kwa hali ya barabara ilivyo: mashimo yakiwepo, hukatwa. Ni njia nzuri, lakini yahitaji mkaguzi aje kweli kila mwezi.

PANAPOVUJA NI WAPI?

Basi ikiwa mipango ni mizuri hivyo, mbona jirani yetu alibebwa kwa kitanda?

Jumamosi moja mimi na wenzangu watatu tuliitembea barabara yetu kwa miguu. Tulihesabu kalvati 6. Nne zilikuwa zimejaa mchanga na majani mpaka juu. Mitaro ya pembeni mahali pengi haikuonekana kabisa. Maji ya mvua yakikosa mtaro hupita juu ya barabara, na yakipita juu huchukua changarawe yote. Barabara ya changarawe huuawa na maji kuliko magari. Greda inayochonga bila kufungua mitaro ni sawa na kupaka dau rangi bila kulitia kalafati: lapendeza, kisha lazama.

Greda iliporudi kuziba pale palipokatika, nilimwendea dereva. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami," akaitika. Nikamwuliza, "Mbona kalvati hazikusafishwa?"

Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nimeambiwa nichonge. Kalvati hazimo katika kazi yangu."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Huenda ni kweli kalvati hazikuandikwa katika mkataba. Basi kosa ni la aliyepanga kazi, na mkandarasi tulimwonea bure. Huenda ziliandikwa, zikalipiwa, na hazikuguswa. Basi kosa ni la mkandarasi na la aliyetia sahihi. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo, lakini kutoka pale kwenye tope yaonekana kitu kimoja. Hakuna mtu kijijini aliyekuwa na ile orodha, si mzee wa mtaa, si mwalimu, si nahodha. Mwenye karatasi haioni barabara kila siku, na sisi tuionayo barabara kila siku hatuna karatasi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo panapovuja.

Jambo la pili ni wakati. Ukaguzi ukifanywa kiangazi, mara tu greda inapoondoka, kila barabara ni nzuri. Mkaguzi aje pia mvua ya kwanza ikinyesha. Babu hakagui dau likiwa juu ya mchanga.

Zamani palikuwa na dawa moja. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za mashambani uliotumia mikono ya wanavijiji badala ya mitambo mikubwa. Barabara ikiisha, mtu wa pale pale alipewa kipande chake, cha kama kilomita moja au mbili, afyeke majani, azibue mitaro na kusafisha kalvati, alipwe kwa kazi hiyo. Mtu huyo hakuweza kujificha, kwa sababu kila apitaye alijua kipande kile ni cha fulani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyo alikuwa mziba ufa wetu.

SISI WANAFUNZI TWAWEZA NINI?

Msomaji, usidhani haya ni ya wakubwa pekee. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Sheria ya mwaka 2016 ikaeleza njia: waandika ombi, hulipi chochote kwa kuliwasilisha, ila waweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi. Afisi yatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, waweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman.

Na hili ndilo lililonifurahisha zaidi: sheria yenyewe yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Basi chama chetu cha Kiswahili kina kazi. Insha na barua rasmi twafundishwa kila muhula, twaziandikia alama tu, kisha twazitupa. Napendekeza tuandike barua moja ya kweli. Tuombe mambo matatu: barabara ni ya nani, orodha ya kazi na bei ilisema nini, na ni nani aliyetia sahihi kwamba kazi imekwisha. Bila matusi na bila kumtaja mtu kuwa mwizi, kwa sababu bado hatujui.

Orodha ikija tutaibandika gatini, pale watu wanaposubiri boti. Greda itakapokuja tena, mwenye kujua kusoma atawasomea wengine: kalvati ngapi, mitaro mita ngapi. Nami nitakwenda kuzihesabu tena, kabla ya mvua na baada ya mvua.



Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Funzi