Uvimbe Ukinywea, Msiache Dawa

Wapendwa wazazi, huwa tunapokea watoto kutoka Geita na Shinyanga waliovimba taya. Mara nyingine ni saratani iitwayo Burkitt, jina la daktari aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Dozi ya kwanza huweza kunywesha uvimbe kwa siku chache. Mzazi hufurahi, humrudisha mtoto nyumbani, maana pamba au machimbo yanamsubiri.

Hapo ndipo penye hatari. Chembe chache za saratani hubaki hai. Hujitibu majeraha ya dawa, nyingine huisukuma dawa nje. Zikizaliana, dawa ileile huenda isizishinde tena.

Mfikisheni mtoto mapema Hospitali ya Bugando, Mwanza, mkamilishe dozi zote. Nanyi jumuiya ndogondogo, changieni nauli.