Suusac Sio Busaa: Mbinu za Wapika Bia Zinazoweza Kuokoa Maziwa ya Ngamia Dagahaley

Tuanze na matamshi ndio usiaibike ukifika Islii. Inaandikwa suusac, lakini hiyo "c" ya mwisho sio "k" na sio "ch". Kwa Kisomali ni sauti ya kooni, kama ain ya Kiarabu. Masikio mengi ya Nai husikia tu "suusa". Na hapana, sio busaa. Busaa ni unga, kimea na kulewa. Suusac ni maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, na hakuna mtu huitafuta ndio apate stimu.

Sasa kwa nini bia na maziwa ziko kwa story moja? Kwa sababu msee anayepika craft beer poa na mama anayetengeneza suusac poa wanapiga kazi ile ile. Wote wanachagua vijidudu vya kuwafanyia kazi, alafu wanavifungia vingine mlango. Ukishika hiyo point moja, umeshika makala yote.

Dagahaley ni moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo. Wakaazi wengi ni Wasomali Waislamu, so pombe sio mambo ya huko. Maziwa ya ngamia je? Hapo umegusa penyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4.6 Kenya, na wengi wako huku kaskazini. Wafugaji wanaoishi karibu na kambi huleta maziwa yao sokoni, na hiyo sio biashara ya mchezo. Ripoti ya 2010 kuhusu Dadaab ilikadiria kuwa wenyeji wanaingiza kama dola milioni 3 kwa mwaka kwa kuuzia kambi mifugo na maziwa.

Shida ni joto na umbali. Huku jua likiwaka linapita digrii 35, friji ni za kuhesabu, na maziwa yanatembea masaa mengi ndani ya jerikeni ya plastiki. Yakifika kama yameanza kugeuka, mara nyingi yanabadilishwa tu jina. Asubuhi yalikuwa maziwa, jioni ni suusac, na bei imeshuka. Mama wa maziwa anapoteza ganji, na wewe mnunuzi unacheza bahati nasibu na tumbo lako. Ndio maana watu wengi wanadhani suusac ni maziwa yaliyoharibika. Sio hivyo. Maziwa yaliyoharibika ni ajali. Suusac ni kitu mtu amepanga.

Mpika bia anajua nini?

Angalia vile bia inapikwa. Jamaa anachemsha maji ya kimea mpaka wadudu wote wafe. Anayapoza haraka. Anaweka hamira aliyoichagua yeye, sio ile iliyoletwa na upepo. Alafu anachunga joto, kwa sababu hamira ikipata joto sana inatoa ladha ya ajabu. Hatua ni nne: chemsha, poza, weka chachu yako, chunga joto. Vyombo vyote vinaoshwa mpaka viwe safi kabisa, maana chombo kichafu ni kama kualika wezi kwa keja.

Kwa maziwa ni vile vile, tofauti ni nani anafanya kazi. Hamira ya bia inakula sukari na kutoa pombe na gesi. Bakteria za suusac zinakula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Hiyo asidi ndio inaleta ule uchachu, na ndio inafanya vijidudu vingi vibaya vishindwe kukaa.

Ukiacha maziwa mabichi yachache yenyewe, yeyote anaweza kushinda. Mwaka 2005 watafiti Lore, Mbugua na Wangoh walitoa utafiti wao wa suusac ya Kenya, na walipata bakteria nzuri kama Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, pamoja na aina kadhaa za hamira. Hiyo ni mbogi safi. Lakini 2012 Christoph Jans na wenzake walionyesha kuwa kwa suusac ya Kenya na Somalia bakteria inayotawala mara nyingi ni Streptococcus infantarius, ambayo iko na ndugu wa karibu wanaohusishwa na magonjwa kwa binadamu. Hiyo haimaanishi kila kikombe ni sumu, na watu wamekunywa suusac vizazi na vizazi. Inamaanisha ukiacha mlango wazi, huwezi kujua nani ameingia.

Sasa step kwa step

Kwanza, maziwa. Chukua ya siku hiyo hiyo, kutoka kwa mtu unayemjua. Yanuse, yaonje kwa ncha ya kijiko. Kama yashaanza kuchacha, usiyatumie kwa hii kazi. Hata mpika bia mkali hawezi kutoa kitu kwa kimea kilichooza.

Pili, chemsha. Weka kwa sufuria safi, koroga mpaka yafure, yaache kidogo, kisha toa. Hapa ndio kuna mambo ya afya serious. Homa ya brucella iko huku kaskazini, na inapitia maziwa mabichi. Joints zinauma, homa inaenda na kurudi, na unaweza kuitibu malaria wiki nzima bila kujua. Usijidanganye kuwa uchachu utaiua. Asidi peke yake sio ya kutegemewa. Moto ndio unaiua.

Tatu, poza. Weka sufuria ndani ya beseni la maji, funika, ngoja mpaka ukigusa nje usiskie moto wala baridi. Ukiweka chachu kwa maziwa moto, umeiua kabla ianze kazi.

Nne, weka chachu. Chukua vijiko viwili vikubwa vya suusac nzuri ya jana kwa kila lita moja, koroga polepole. Chagua ile iliyotoka fiti, sio ile iliyobaki kwa sababu hakuna mtu aliitaka. Kama huna, maziwa mala ya dukani, isiyo na sukari wala ladha, inaweza kuanzisha kazi. Wazo hili sio geni. Mwaka 1990 watafiti Farah, Streiff na Bachmann walichapisha majaribio yao ya kutengeneza maziwa ya ngamia yaliyochachushwa hapa Kenya wakitumia chachu iliyochaguliwa, kisha wakawapa watu waonje. Faida yake ni kuwa kila mara ladha inatoka karibu ile ile. Kwa biashara, hiyo ndio inafanya mteja arudi.

Tano, chunga joto. Bakteria unazotaka zinapenda digrii 25 hadi 30. Mchana wa Dagahaley unapita hapo. So anza jioni. Funga chombo kwa gunia lililoloa maji, kiweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, na kwa hewa kavu kama ya huku hiyo friji ya bure inafanya kazi kabisa. Acha kama masaa 24. Usiwe na haraka, maana maziwa ya ngamia yako na kinga zake za asili kama laktoferini na lisozimu, kwa hivyo huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe.

Na moshi?

Hapa ndio suusac inapata jina. Chombo cha kienyeji cha Wasomali ni dhiil, kinasukwa au kuchongwa, na kabla ya kutiwa maziwa kinafukizwa kwa vijiti vinavyowaka, kwa mfano vya mti wa mareer. Kama unajua mursik ya Wakalenjin, ile wanariadha wanapewa wakitua JKIA na medali, hii ni binamu yake.

Moshi sio perfume tu. Ndani yake kuna kemikali zinazozuia vijidudu kukua, na unakausha kuta za chombo. Osha kwa maji moto, anika mpaka kikauke, fukiza, pangusa jivu, alafu funika kabla ya kumimina. Usizidishe, maziwa yatakuwa machungu kama dawa. Na jerikeni ya plastiki iliyokwaruzika ndani? Achana nayo. Mkono hauingii kuisugua, na kwa ile mikwaruzo ndio vijidudu vya jana vinalala vikingoja maziwa ya leo. Mkebe wa alumini wenye mdomo mpana ni bora mara mia.

Utajuaje imeiva?

Inanukia uchachu safi na moshi kidogo. Usitarajie iwe nzito kama yogati. Protini za maziwa ya ngamia zimejipanga tofauti na za ng'ombe, so hazishikani kuwa donge gumu. Suusac ni ya kunywa. Ukiona nyepesi usiongeze unga, haijaharibika. Lakini chombo kikifura gesi, maziwa yakivutika kama makamasi, yakigeuka rangi ya waridi au yakinuka kama choo, mwaga. Usiwape mbuzi, usiwape jirani.

"Lakini ayeeyo alikuwa hachemshi"

Hii utaskia, na usimjibu bibi ya mtu kwa madharau. Wazee wanasema maziwa yakichemshwa yanapoteza utamu. Wana point, ladha inabadilika kweli. Ila angalia vizuri nini kilikuwa kinaleta ule utamu: chombo kilichofukizwa, chachu iliyobaki kwa kuta zake, na mtu mwenye kujua lini aitoe. Ayeeyo alikuwa na ngamia wake mlangoni na dhiil moja aliyoitunza miaka. Alikuwa anachagua vijidudu vyake bila kuviita kwa jina. Wewe unanunua maziwa yaliyochanganywa kutoka kwa ngamia usiowajua, yaliyopanda pikipiki masaa matatu. Hali imebadilika, mbinu lazima ibadilike. Chachu na moshi bado viko mikononi mwako, na hivyo ndio vinarudisha ladha.

So kama uko Dagahaley, Garissa au Islii na unatafuta kitu cha kufanya na hizo lita tano za jioni, jaribu hivi: gawanya mara mbili. Nusu fanya kwa hizi steps, nusu fanya vile mmezoea, lakini hata hiyo nusu yachemshe kwanza. Kesho jioni wape watu wa nyumbani vikombe viwili bila kuwaambia kipi ni kipi. Kikombe kitakachoisha kwanza ndicho cha kupeleka sokoni, na usikubali kukiuza kwa bei ya maziwa yaliyoharibika.