Fahamu: Kikomo cha Songesha hupandaje tena?

Magoma, wilayani Korogwe, kadi ya mkopo ni nadra. Deni la wengi liko kwenye simu. Songesha ya M-Pesa hukamilisha muamala salio lisipotosha, ndani ya kikomo cha kila mteja.

Kwa nini hushuka

Kuchelewa kulipa, hasa. Rekodi ya mkopaji huweza pia kufika kwenye kampuni za taarifa za mikopo, zilizowekewa kanuni na Benki Kuu mwaka 2012, na mkopeshaji mwingine akaiona. Kubadili laini, basi, si dawa.

Kupanda tena

Maliza deni, kisha kopa kidogo na urejeshe mapema. Mzunguko wa fedha kwenye laini nao hutazamwa, jambo gumu kwa mkulima anayesubiri mavuno. Anayedai ada ili akupandishie kikomo ni tapeli.