Askari Aliyefunga Kizazi na Kurejea Kazini
Askari wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, akifunga kizazi hana sababu ya kuona haya kuomba mapumziko. Daktari hukata na kufunga mirija miwili inayopitisha mbegu za uzazi. Korodani haziondolewi, wala nguvu za kiume hazipungui. Siku 2 za kwanza ni za kupumzika. Kisha kazi nyepesi ya ofisini yafaa, lakini gwaride, mbio na kubeba mizigo mizito vingoje wiki nzima. Homa, usaha au uvimbe unaozidi humpasa kurudi hospitali upesi.

Yapasa ieleweke pia kwamba mbegu zilizosalia mirijani zaweza kutungisha mimba kwa muda wa miezi 3. Kinga nyingine itumike mpaka manii yapimwe. Mke akishika mimba katika muda huo, asishutumiwe.