Kusawazisha flaiwili: kitenzi kimoja, kazi mbili

Kitenzi *sawazisha* kina maana mbili ambazo msemaji wa kawaida hana haja ya kuzitenganisha. Katika ufuo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, seremala husawazisha ubao kwa randa mpaka uso wake uwe laini. Nahodha naye husawazisha shehena ili mtumbwi usilalie upande mmoja. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa ubao si shehena. Tatizo huanza pale kitu kimoja kinapohitaji kazi zote mbili, na mfano ulio wazi ni flaiwili, hasa ya gari la mashindano.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa shafti ya kranki. Sahani ya klachi hubanwa juu ya uso wake. Klachi inapoteleza, joto huunguza uso huo na kuuachia mikwaruzo, nyufa ndogo na mabaka ya buluu. Mabaka hayo huwa magumu kuliko chuma kinachoyazunguka, hivyo kisu cha mashine ya kukereza huweza kuyaruka na kuyaacha kama vinundu. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea jiwe la kusagia. Basi *kukereza* ni kwa kisu huku kazi ikizunguka, kama ilivyofanywa tangu zamani kwa miguu ya vitanda. *Kusaga* ni kwa jiwe. Gerejini husikika pia *kuchonga*, nami sioni kosa katika mazungumzo, ila katika mwongozo ulioandikwa neno hilo huficha chombo kilichotumika.

Kazi ya pili ni ya uzito. Chukua gramu 10 zilizozidi upande mmoja, sentimita 15 kutoka kitovuni. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gramu hizo huvuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 16. Ikifika 7,000, nguvu hukaribia nyutoni 800, kama uzito wa mtu mzima, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi. Mzigo huo hubebwa na beringi za injini. Ili kuuondoa, fundi hutoboa vishimo vidogo upande uliozidi. Kifuniko cha klachi nacho hupimwa kikiwa kimefungwa mahali pake, kisha hutiwa alama ili kirudi papo hapo.

Kwa hiyo agizo "Sawazisha flaiwili kabla ya kuifunga" ni tafsiri ya hatari. Atakayelipokea aweza kusaga uso akaacha uzito, na gari likaenda mashindanoni likitetemeka. Aweza pia kugeuza mpangilio, ilhali kusaga lazima kutangulie: huondoa chuma, na chuma kikiondoka ulinganifu wa awali hauaminiki tena. Afadhali kuandika *saga uso wa flaiwili*, kisha *sawazisha uzito wake*. *Linganisha* haisaidii hapa, maana msomaji atauliza: na nini? Mafundi wa matairi wameshazoea *balansi*, neno lisilo na utata huu, na mfasiri hana sababu ya kulionea haya.